Binti Yetu Ataka Kusomea Mitandao ya Kompyuta: Tumjibu Nini?

Jumamosi moja mzee mmoja wa Kadutu alitujia shuleni akiwa na karatasi mbili zilizokunjwa katika mfuko wa koti lake. Ya kwanza ilikuwa matokeo ya mtihani wa Serikali wa binti yake. Alikuwa amefaulu vizuri, na katika hesabu vizuri sana. Ya pili ilikuwa orodha ya karo za chuo, minervali kama tunavyosema hapa Bukavu, na juu yake binti alikuwa ameandika kwa mkono wake masomo aliyoyachagua: infomatiki, upande wa mitandao.

Mzee akasema: «Mwalimu, udaktari naujua. Uwakili naujua. Ualimu naujua pia, nao haushibishi, unisamehe. Lakini hii mitandao ni kazi gani? Mimi nina kiwanja kimoja tu cha kuuza. Nikikiuza kwa ajili ya huyu, wadogo zake watatu watasoma kwa kitu gani?»

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe majuma mawili, nasi tukaenda kuulizauliza kwa mafundi, kwa wanafunzi, kwa wakubwa wa ofisi ambao huajiri vijana wa namna hiyo, na tukafungua tena vitabu. Tuliyoyapata twayaandika hapa, kwa kuwa tunajua kwamba mzee yule si peke yake. Nyumba nyingi za mji wetu zina kijana mmoja anayetaja neno hili mezani, na mzazi mmoja anayenyamaza kwa kuwa halijui.

KAZI YENYEWE

Wengi wakisikia neno mtandao huwaza picha na maneno ya kwenye simu. Kijana anayesomea mitandao hajifunzi kutumia simu. Hilo analijua tayari, pengine kupita kiasi. Yeye hujifunza njia: jinsi neno lililoandikwa Bagira linavyofika Nairobi au Brussels katika kufumba na kufumbua, na la kufanya siku lisipofika.

Tuwaze mji wetu wenyewe. Barua iliyoandikwa jina la mtu peke yake haimfikii. Ni lazima itaje komini, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, kisha mtaa, kisha avenyu, kisha namba ya nyumba. Kompyuta nazo ndivyo zilivyo. Kila moja hupewa anwani ya tarakimu yenye sehemu mbili: ya kwanza yataja mtaa, ya pili yataja nyumba. Ndani ya mtaa mmoja kuna chombo kinachoitwa swichi (si ile ya ukutani ya kuwashia taa), nacho huzijua nyumba zote za mtaa ule na kukipeleka kila kifurushi mlangoni pake. Barua ikitaka kutoka nje ya mtaa, hukabidhiwa chombo kingine, ruta. Ruta haijui nyumba za watu, bali yajua barabara.

Tena barua yenyewe haisafiri nzima. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa kinakotoka, kinakokwenda, na namba yake katika mfuatano. Vipande vyaweza kupita njia mbalimbali. Kimoja kikachelewa, kingine kikapotea kabisa. Kompyuta inayopokea huvipanga upya, na kile kilichopotea hutumwa tena. Mpango huo ulielezwa na Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, mwaka 1974. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, ambao ndio mama wa intaneti, ulianza kuufuata.

Mama huyo alizaliwa kwa shida, na habari zake huwafurahisha wanafunzi wetu kila tunapozisimulia. Tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi wa Los Angeles aitwaye Charley Kline alijaribu kuipelekea kompyuta ya mbali, huko Stanford, neno la kuombea ruhusa ya kuingia. Akaandika herufi ya kwanza, ikafika. Akaandika ya pili, ikafika. Alipoandika ya tatu mashine ikazimika. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza katika historia ya mtandao ule ulikuwa herufi mbili tu, L na O. Basi kijana wa Bukavu ambaye ujumbe wake umekatika katikati asikate tamaa. Yu katika ukoo wa kale.

Mahali ambapo vijana wengi hukwama ni hesabu za anwani. Anwani za namna ya zamani, ambazo zingali zikitumika sana, huandikwa kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Hesabu yake yote ni 4,294,967,296. Zilipopangwa, watu walidhani zimezidi haja ya dunia; lakini mwezi wa Februari 2011 ghala kuu la dunia liliishiwa, na mafungu ya mwisho yakagawiwa mabara. Fungu la Afrika lasimamiwa na AFRINIC, yenye makao yake katika kisiwa cha Mauritius. Ndiyo maana ofisi na shule hutumia ndani ya kuta zao anwani za faragha, mathalani zile zinazoanza na 192.168, na kutokea nje kwa mlango mmoja. Fungu moja dogo la anwani hizo lina nafasi 256. Ya kwanza ni jina la mtaa wenyewe, ya mwisho ni ya kuwatangazia wote, zabaki 254 za nyumba. Mwanafunzi huambiwa: ligawe fungu hili kwa ofisi nne ambazo hazipaswi kusomeana barua. Asiyependa hesabu hapo huona giza. Binti wa yule mzee tulimpa swali hilo pale pale, naye alilimaliza kabla ya baba yake kumaliza chai.

MIKONO, MVUA NA RADI

Kuna upande wa pili wa kazi hii ambao karatasi za vyuo hazisemi habari zake sana, nao ni mikono.

Kebo ya kawaida ya mtandao ina nyaya nane ndogo, zilizosokotwa mbili mbili. Fundi huimenya, huzinyosha, huzipanga kwa rangi: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kisha huziingiza katika kichwa cha plastiki na kukibana kwa koleo lake. Waya mmoja ukikosea mahali, kebo yaweza kukataa kabisa, au, jambo baya zaidi, yaweza kufanya kazi leo na kukataa kesho. Nyuzi zikifumuliwa kupita kiasi kabla ya kubanwa, zitaanza kusikiliza makelele ya umeme wa jirani. Na kebo hiyo isivutwe kupita mita 100, kwa maana zaidi ya hapo hakuna ahadi. Tumewaona vijana wenye lisansi mkononi ambao hawajapata kubana kichwa kimoja. Wanajua majina yote ya sehemu za mtandao kwa Kifaransa safi, kama sisi tulivyojua minyambuliko ya Kilatini kule seminari, lakini wakipewa koleo hulishika kama kijiko.

Huku kwetu mikono hiyo yahitaji maarifa zaidi kuliko katika miji ya tambarare. Mji wetu umekaa juu ya vilima na rasi kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 1,460 na zaidi. Kilima kimoja chakitazama kingine, na hilo ni heri: antena mbili zinazotazamana zaweza kuunganisha ofisi mbili bila kebo. Lakini mti ukikua katikati, au nyumba ya ghorofa ikijengwa, mawasiliano hufifia na hakuna anayejua sababu mpaka fundi apande juu ya paa na kutazama kwa macho yake. Udongo nao huteleza wakati wa mvua. Nguzo huinama, na waya huenda pamoja na nguzo.

Umeme twaujua. Mabwawa ya Ruzizi, la kwanza lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989, ndiyo yaliyouwashia mji huu taa zake, lakini mji umekua kupita nguvu zao. Umeme unapokatika na kurudi ghafula, vyombo huungua. Kwa sababu hiyo fundi wa mitandao wa Bukavu ambaye hajui betri, hajui paneli za jua, wala hajui kupima kiasi gani cha umeme swichi na ruta zake hula kwa saa, huyo ni nusu fundi tu, hata kama mtihani wa chuo ulimpa alama zote.

Na radi! Wataalamu waliohesabu mimweko ya radi kwa setilaiti kwa muda wa miaka 16, wakatangaza hesabu yao mwaka 2016, waliona kwamba mashariki ya Kongo, katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu, pana mahali panapopigwa na radi kuliko pengine pote Afrika: zaidi ya mimweko 200 katika kilomita moja ya mraba kila mwaka. Duniani kote ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake lililopazidi.

Katika shule moja tuliyofundisha zamani, wafadhili walileta kompyuta ishirini. Fundi akaziunganisha kwa siku mbili, akalipwa, akaenda zake. Hakuna aliyefukia waya wa kuipeleka radi ardhini. Mvua za Septemba zilipoanza, radi ikaupiga mlingoti wa antena, ikafuata kebo, ikaingia katika swichi, na kompyuta kumi na moja hazikuwaka tena. Sisi walimu tulikuwa tumepiga picha ya ukumbusho mbele yake juma lile lile. Waya wa shaba na fimbo ya kufukia ardhini vingegharimu kidogo sana ukilinganisha na kompyuta moja.

MJI ULIO MBALI NA BAHARI

Intaneti ya mabara hupita chini ya bahari, katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga hupita ndani yake kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde moja. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata nyuzi hizo kuanzia mwaka 2009. Nchi yetu ilipata mlango wake wa baharini mwaka 2013, kule Muanda, kwenye bahari ya Atlantiki. Lakini kutoka Kinshasa mpaka hapa ni yapata kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara hakuna. Basi mtu akitaka kujua kwa nini intaneti ya mji wetu imekuwa ghali na nzito, aanze na ramani.

Kuna jambo lingine ambalo ramani haionyeshi. Ofisi mbili zinazotazamana katika avenyu moja, zikiwa zimenunua intaneti kwa makampuni mawili, zaweza kuandikiana barua nayo ikaenda ng'ambo kwanza ndipo irudi mlango wa pili. Ni kwa sababu makampuni hayo hayakukutana karibu. Dawa yake yajulikana: ni nyumba moja ya makutano ambamo makampuni yote huleta kebo zao na kubadilishana barua za mjini hapo hapo. Nairobi walifungua nyumba ya namna hiyo mwezi wa Novemba 2000. Kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa, nyumba ikafungwa, nao wakashindana kwa maneno mpaka ikafunguliwa tena mwaka 2002. Kinshasa nao wanayo. Kazi ya kuanzisha na kulinda makutano ya namna hii haifanywi na wageni wanaopita. Yahitaji wenyeji waliosoma.

Tusifiche kwamba mtandao waweza kufungwa pia kwa mkono wa mwanadamu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima, nayo haikurudi mpaka baada ya siku ishirini hivi. Na mwezi wa Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza. Siku zile wengi walisema kwamba huu si wakati wa kulipa karo. Sisi hatukuweza kuwalaumu, kwa kuwa chakula hutangulia. Lakini tuliona pia kwamba nyumba nyingi zilipata fedha za ndugu wa ng'ambo kwa njia ya simu tu, na kwamba kila mnara uliozimika ulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akitafutwa usiku na mchana.

CHUONI, NA MASWALI YA KUULIZA

Bukavu haikosi vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kuna Chuo Kikuu cha Serikali. Kuna kile cha Kiinjili. Kuna ISP, ambayo pamoja na kuwatayarisha walimu hufundisha infomatiki ya usimamizi. Na kuna vingine vidogo ambavyo vibao vyake ni vikubwa kuliko madarasa yake.

Wazazi waliosoma zamani waangalie jambo moja. Neno lisansi limebadili maana. Zamani mtu alisoma miaka mitatu ya graduati, kisha miwili ya lisansi. Kwa mpango mpya, ambao vyuo vya Kongo vilianza kuushika kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu, na baada yake yafuata miwili ya masta. Baba anayemwambia mwanawe «leta lisansi kama yangu» huenda anadai miaka mitano bila kujua, na fedha za miaka mitano.

Kabla ya kulipa faranga moja, mzazi aende chuoni mwenyewe pamoja na mtoto, wala asiridhike na ofisi ya mapokezi. Aombe kuonyeshwa chumba cha mazoezi. Aulize: ruta na swichi ziko wapi, na mwanafunzi huzishika mara ngapi kwa juma? Umeme ukikatika, darasa huendelea kwa betri au huandikwa ubaoni? Na wale waliomaliza mwaka jana walifanya staji wapi? Chuo chema hakitaudhika kwa maswali haya. Kikiudhika, mzazi amepata jibu bila kulipa.

Chumba kikiwa hafifu, mambo hayajakwisha. Tangu mwaka 1997 kampuni ya Cisco ina mpango wake wa shule za mitandao, na programu yake ya mazoezi, Packet Tracer, hutolewa bure: ndani yake kijana hujenga ofisi nzima ya kuigiza, yenye ruta kumi, bila kununua hata moja. Linux, ambayo huendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, nayo ni bure. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, katika chumba chake. Hata maandiko yenyewe ya kanuni za intaneti ni wazi kwa kila mtu. La kwanza liliandikwa mwezi wa Aprili 1969 na mwanafunzi pia, Steve Crocker. Kompyuta ya mkono wa pili yenye kumbukumbu ya kutosha yaweza kubeba yote haya. Pasipo intaneti nyumbani, kijana hupakua mahali penye nguvu na kufanya mazoezi kwake usiku.

Lakini maandiko hayo ni ya Kiingereza. Hapa twawaambia wanafunzi wetu bila kuwabembeleza: Kifaransa cha darasani hakitoshi. Tumewaona waliosoma vizuri wakishindwa na mtihani wa cheti kwa sababu tu hawakuelewa swali. Cheti kinachojulikana zaidi, cha Cisco kiitwacho CCNA, mtihani wake hulipiwa dola 300, nacho hudumu miaka mitatu tu. Waweza kuufanya hata nyumbani mbele ya kamera. Ila ukifikiria umeme wetu, kuufanyia nyumbani Bukavu ni ujasiri ambao hatumshauri mtu aliyekopa dola hizo.

JE, KAZI IPO?

Hapa yatupasa kusema kweli hata kama haipendezi.

Kwa miaka mingi kijana wa Bukavu aliyesoma infomatiki aliota mshahara wa shirika la misaada. Mashirika hayo yalikuwa mengi, na kila moja lilitaka mtu wa kuangalia kompyuta zake. Mwaka 2025 ndoto hiyo ilipigwa mara mbili. Mwezi wa Januari Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi tarehe 1 Julai. Na katikati vita ikafika mjini. Anayewaza kusoma miaka mitatu ili aajiriwe na shirika kubwa, tumwambie awaze upya.

Kazi iliyobaki ni ndogo ndogo, nayo ni nyingi. Ni hospitali inayotaka majibu ya maabara yafike kwa daktari bila mtu kukimbia na karatasi. Ni shule, ni duka la dawa lenye matawi mawili, ni hoteli, ni redio, ni mwenye nyumba anayetaka kugawanya intaneti moja kwa wapangaji sita bila ugomvi. Ni makampuni ya simu, na wale wanaowafanyia kazi ya minara. Setilaiti ndogo ndogo za Starlink, ambazo Serikali ilizikataza mwezi wa Machi 2024, zilipewa ruhusa mwezi wa Mei 2025. Wengine hudhani zitaua kazi ya mafundi. Sisi hatudhani hivyo. Sahani ya setilaiti huleta intaneti mpaka juu ya paa. Kutoka paani mpaka mezani, na kuilinda na wezi na radi, yabaki kazi ya fundi. Mshahara wa kila mwezi wenye muhuri ni nadra; malipo ya kazi kwa kazi ndiyo ya kawaida. Kijana asiyejua kuandika ankara na kudai deni kwa adabu atakufa njaa na ufundi wake.

Wakubwa wa ofisi tuliowauliza, karibu wote walianza na neno moja ambalo hatukulitegemea. Hawakutaja cheti. Walisema: «Je, atanyamaza?» Mwenye kuulinda mtandao wa hospitali aweza kuona nani amepimwa nini. Mwenye kuulinda mtandao wa shule aweza kuona alama kabla ya mwanafunzi. Anashika funguo za milango yote, na mara nyingi bwana wa nyumba mwenyewe hajui kwamba funguo hizo zipo. Sheria ya Kongo kuhusu mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, humwadhibu anayeingia katika kompyuta ya mwenziwe bila ruhusa. Mkubwa mmoja alitueleza kwamba alimfukuza kijana hodari kuliko wote aliopata kuwaajiri, kwa kuwa aliwasomea rafiki zake barua moja ya mfanyakazi, kwa mzaha tu. Baada yake akamchukua mwingine wa kiasi. Huyo yupo mpaka leo.

JIBU TULILOMPA

Mzee alirudi baada ya majuma mawili, safari hii pamoja na binti na mama yake. Mama ndiye aliyekuwa na swali gumu: je, mwanamke atapanda juu ya paa, atavuta kebo katika dari mbele ya wanaume? Tulimjibu kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanywa mezani, mbele ya kompyuta. Na kuhusu paa, binti yake ameteka maji ziwani na kupanda nayo mpaka Kadutu tangu akiwa na miaka minane. Mama akacheka, akasema kwamba ni kweli.

Kisha tukasema juu ya kiwanja. Tulimshauri mzee asikiuze. Kwanza binti ajaribiwe miezi mitatu: afuate masomo ya bure, ajenge mitandao ya kuigiza kwenye kompyuta ya shule yetu jioni, na kila Jumamosi akae karakana kwa fundi mmoja tunayemjua, bila mshahara, akiangalia na kushika. Akichoka, hasara ni ndogo, naye aweza kwenda kwenye masomo mengine kwa moyo safi. Akishikilia, minervali ya mwaka wa kwanza ilipwe kwa mafungu, na kiwanja kikodishwe kwa mwenye kulima mboga au kuweka mbao, kisitoke mkononi mwa wadogo zake.

Hatukumwahidi kwamba atapata kazi. Mtu anayeweza kutoa ahadi hiyo katika mji wetu hatujamwona.

Juma la tano binti alituletea kebo aliyoitengeneza mwenyewe. Fundi alikuwa amemhesabia: vichwa kumi na vinne aliviharibu, cha kumi na tano kikakubali. Tuliichomeka kati ya kompyuta mbili za darasani, taa ndogo za kijani zikawaka pande zote mbili. Baba yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alitazama zile taa kwa kitambo. Kisha akatuuliza koleo la kubania linauzwa wapi, na bei yake.